Tulipokwenda Kutazama Kampala

Mume wetu alikuwa na lori. Alibeba pamba kutoka Paya na Mulanda, mahindi kutoka Busia, na mara nyingine saruji kutoka kiwanda cha pale Tororo, akapeleka mzigo kokote alikotumwa. Kampala alikwenda na kurudi mpaka ikawa si safari tena kwake. Aliponiposa kwa wazazi wangu Busia, kati ya mambo aliyoniahidi lilikuwamo hili: kwamba siku moja angenipeleka Kampala kutembea. Hakusema kununua, wala kuuguza mgonjwa, wala kuzika. Alisema kutembea. Kwetu mtu alisafiri kwa sababu ana shida, na nilikuwa sijawahi kusikia mwanamke aliyepanda treni kwenda kutazama vitu tu na kurudi.

Sikuwa mke wa kwanza. Nilimkuta mwenzangu, Mjopadhola wa Mulanda aliyesilimu alipoolewa, ambaye kwa umri angeweza kunizaa. Watoto wake walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa. Kila mtu alimwita Bi Mkubwa, hata mume. Tulikaa ua mmoja mjini Tororo, nyumba mbili zikitazamana na jiko katikati. Hatukuwahi kugombana. Tulikuwa hatuzungumzi, basi. Akitaka sufuria niliyokuwa nayo, alisimama mlangoni kwake akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota, kama anayesema na ua mzima, "Ile sufuria kubwa, kama iko mtu namaliza nayo, mimi nataka." Nami niliiosha, nikaiacha jikoni, nikarudi ndani. Mambo yaliyohitaji maneno marefu yalipitia kwa mume. Tuliishi hivyo tangu nilipoolewa, na sikumbuki kwamba ilinisumbua sana. Nilidhani ndivyo uke wenza ulivyo.

Habari ya Kampala ilimfikia. Jioni moja, mume akiwa bado ananawa mikono kwangu, Bi Mkubwa alitoka akasimama uani.

"Mimi nasikia iko mtu nakwenda kuona Kampala," alisema.

Mume akamwambia yalikuwa maneno tu, hayajapangwa.

"Mimi nakaa na wewe tangu lori yako iko baiskeli," Bi Mkubwa akasema. "Hiyo Kampala mimi naona lini?"

Akarudi ndani. Mume alikaa akitazama maji ndani ya beseni. Alikuwa mtu wa kujali haki baina ya wake zake, kwanza kwa sababu dini ilimtaka hivyo, na pili kwa sababu alichukia kelele. Kesho yake alitangaza kwamba Idi ikipita tutakwenda sote watatu, na tutafikia kwa dada yake aliyeolewa huko.

Hii ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Tiketi zilikatwa. Safari ilipokaribia, lori likavunjika ekseli karibu na Bugiri, likiwa limejaa pamba ya watu. Mume alikuja nyumbani kwa gari la mtu mwingine, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, akabadilisha shati tu.

"Siwezi kuuacha mzigo barabarani," alisema. "Nendeni wenyewe. Dada atawapokea stesheni."

Nilimtazama Bi Mkubwa. Nilitegemea atakataa. Kama angekataa, mimi pia ningekataa, na nadhani ningepumua. Yeye akauliza tu, "Hiyo treni naondoka saa ngapi?"

Tulisafiri daraja la pili, katika chumba cha wanawake. Yeye alichukua dirisha, mimi nikakaa karibu na mlango. Alikuwa na kikapu chenye kuku wa kukaanga, mihogo na njugu. Nami nilikuwa na mandazi na mayai ya kuchemsha. Kila mmoja alikula chake. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni alitutazama kwa muda, kisha akauliza kwa adabu kama tulikuwa mama na binti yake.

"Hapana," Bi Mkubwa akamjibu. "Sisi ni wa bwana moja."

Yule mama hakutuuliza kitu kingine mpaka Jinja.

Pale Jinja treni ilipunguza mwendo ikaingia juu ya daraja, na chini tukauona mto Nile, mweupe kwa povu upande mmoja na mweusi upande wa pili. Bi Mkubwa alisimama, akanishika mkono juu ya kifundo, akashikilia mpaka magurudumu yalipobadilisha sauti na kuwa juu ya ardhi tena. Akaniachia.

"Maji mingi," alisema.

Sikuwa na hakika kama aliniambia mimi au alijisemea, kwa hiyo sikujibu. Lakini alipofungua kikapu tena alikiweka katikati ya kiti, na baada ya muda nikachukua muhogo.

Wifi yetu alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kutembea, aliyekaa Kampala kwa miaka mingi hata Kiswahili chake kikawa kimechanganyika na Kiganda. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Walikaa vyumba viwili chini ya kilima cha Old Kampala, na sisi wawili tukapewa kitanda kimoja. Nililala ukutani bila kugeuka hata mara moja, na asubuhi shingo iliniuma.

Siku ya kwanza wifi alitupandisha Kibuli. Tuliswali pale msikitini, kisha tukasimama nje na akatuonyesha mji kwa kidole: kule Namirembe na kanisa lake, kule Rubaga na lake, kule Kololo wanakokaa wakubwa. Nilikuwa nimezoea mlima mmoja, ule wa mawe wa Tororo, unaouona kila unapotoka nje. Hapa kila kilima kilikuwa na watu wake na Mungu wake. Bi Mkubwa alisikiliza yote kwa makini. Tuliposhuka katikati ya mji tukafika kwenye bustani yenye maua yaliyopandwa kwa mistari, na katikati watu waliovaa vizuri wameketi kwenye mabenchi.

"Hii kazi yake nini?" aliuliza.

"Ni ya kutazama tu," wifi akasema.

"Nani napalilia?"

"Serikali."

Bi Mkubwa akainama akachunguza udongo, akasema serikali inapalilia vizuri, kisha akaketi kwenye benchi na kukataa kuondoka. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali. Wifi alikuwa na haraka ya kutuonyesha soko la Nakasero na maduka ya Wahindi yenye vioo, na tulikwenda huko pia, lakini mwenzangu aliyapita maduka hayo kama mtu anayepita shamba la jirani. Alichokitaka ni kuketi mahali ambapo watu wameketi bila kazi. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kujua wanafikiri nini.

Siku iliyofuata tulikwenda Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Ni nyumba moja kubwa ya nyasi, ya mviringo, paa lake likiteremka mpaka karibu na ardhi. Tulivua viatu mlangoni, tukaingia, tukaketi kwenye mikeka tukiwa tumekunja miguu upande mmoja, kama wanawake wanavyotakiwa kuketi pale. Ndani kulikuwa na giza la baridi na harufu ya nyasi kavu. Mbele yetu lilining'inia pazia la nguo ya magome ya mti, na nyuma yake, wifi alinong'ona, ndipo walipolala wafalme. Pembeni waliketi wanawake wazee wakisuka ukili.

"Hao nani?" Bi Mkubwa akauliza.

"Ni wake wa mfalme," wifi akasema.

"Mfalme si amekufa?"

Wifi akaeleza kwamba mke wa mfalme anapofariki, ukoo wake humleta mwanamke mwingine kushika nafasi yake, hivyo mfalme hakosi wake. Wanakaa kwenye nyumba ndogo pale uani na wanalinda kwa zamu. Bi Mkubwa akajivuta kwa magoti mpaka alipokuwa mzee mmoja, akamsalimu kwa Kiswahili. Yule mzee hakukijua. Wifi ikabidi awe mkalimani, naye uso wake ulionyesha aibu.

"Muulize, wao hapa nagombana?"

Wifi alisita. Akauliza kwa Kiganda, kwa sauti ya chini. Yule mzee aliacha kusuka, akacheka bila meno, akajibu maneno mengi.

"Anasema kila siku," wifi akatafsiri. "Anasema huyu wa pembeni yake hamwachii nafasi karibu na mlango penye mwanga, na yule kule anakoroma wakati wa zamu. Anasema wasipogombana watasinzia."

Bi Mkubwa alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa mtandio. Mzee akampa ukili kidogo, wakakaa wakisuka pamoja bila lugha. Mimi nilibaki mahali pangu. Tulipotoka na kuvaa viatu alisema, huku akitazama kamba za viatu vyake, "Bwana yao nakufa zamani na wao iko na maneno. Bwana yetu iko hai, sisi hapana."

Safari hii nilijua ananiambia mimi. Nikasema, "Ni kweli, Bi Mkubwa." 

Jumapili ilikuwa siku ya Entebbe. Fundi cherehani alikuwa ametuambia kwamba huko watu huenda kutazama ndege zikitua, wanakaa kwenye roshani iliyojengwa kwa ajili hiyo. Lakini asubuhi hiyo alimkataza mkewe kutoka. Alisema nyumba imekuwa stesheni, kila siku mguu na njia, na mashati ya wateja hayana wa kuyapiga pasi. Wifi alilia kidogo kwa sababu ya aibu. Mimi nilisema tuache, tusaidie kupiga pasi, Entebbe haitahama.

"Na mimi iko naondoka kesho," Bi Mkubwa akasema. "Wewe hapana jua Kiganda?"

Nilijua cha sokoni. Baba yangu aliuza vitambaa Busia, upande wa Kenya wa mpaka, na nusu ya wateja wake walitoka upande wa Uganda kwa lugha zao zote. Niliweza kuuliza bei, njia, na afya ya mtu. Nikasema kwamba ninajua kidogo.

"Kidogo iko nyingi," akasema, akachukua kikapu chake.

Kwenye kituo cha basi aliuliza kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ilikuwa kubwa, kama hilo ndilo basi la Entebbe. Watu waligeuka. Kampala ya siku zile Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na wapagazi, na mwanamke wa makamo mwenye mtandio akikitumia hadharani alitazamwa kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kondakta alimjibu kwa Kiganda, haraka, akimtazama juu ya kichwa. Nikaingilia kati kwa Kiganda changu cha vitambaa. Nikamwita kondakta bwana, nikamuulizia nyumbani kwake hawajambo, na kabla sijamaliza akatupatia viti vya mbele.

"Hii watu naangalia mimi kwa nini?" Bi Mkubwa aliuliza tulipoketi.

"Kwa ajili ya Kiswahili."

"Kwani Kiswahili nafanya nini?"

Nikamwambia sijui. Toka hapo alininong'oneza, nami nikamsemea. Sikuwa nimezoea mtu mzima kunitegemea hivyo, na sitasema kwamba sikujisikia mkubwa.

Tulitembea katika bustani za Entebbe karibu asubuhi yote. Kuna miti pale iliyoletwa kutoka nchi za mbali, mikubwa, na nyasi zimeteremka mpaka ziwani. Bi Mkubwa aliloweka miguu kwenye maji ya ziwa. Nyani walituibia njugu. Familia za Kihindi zilikuwa zimetandika mashuka chini na kufungua masufuria, na mama mmoja wa Kihindi alituletea sambusa, nasi tukampa kuku, na hapakuwa na haja ya lugha.

Mchana tulikwenda kwenye uwanja wa ndege. Roshani ilijaa watu wa kila namna, wazee wa Kiganda kwenye kanzu na makoti, watoto waliovalishwa soksi nyeupe, Wazungu wachache wenye kamera. Hakukuwa na ndege. Kulikuwa na uwanja mtupu tu na ziwa linalong'aa nyuma yake. Niliona muda unakwenda nikasema turudi, tusije tukakosa basi.

"Mimi nakuja kuona ndege," alisema.

Tukangoja. Alikuwa ameegemeza mikono kwenye chuma cha roshani. Bila kunitazama akasema, "Siku wewe naletwa, mimi napika pilau yako."

"Najua," nikasema. "Niliambiwa."

"Mimi nalia pale jikoni. Watu nafikiri ni moshi."

Nilitazama uwanja. Mzee mmoja karibu yetu alikuwa akimweleza mjukuu wake jinsi upepo unavyopimwa kwa ule mfuko uliokuwa ukipepea kwenye mlingoti.

"Nilidhani unanichukia," nikasema.

Alifikiri. "Siku ingine nachukia. Siku ingine nachoka tu. Mimi hapana jua kuanza maneno. Wewe pia hapana anza."

"Wewe ndiye mkubwa."

"Ndiyo," akasema. "Hiyo ni kweli."

Ndipo ndege ikaja. Iliteremka juu ya ziwa, chini sana, mpaka watu wakapiga kelele, ikagusa ardhi na kupita mbele yetu ikinguruma. Ngazi ikasogezwa. Abiria walianza kushuka, na watu wote pale roshani wakapunga mikono, waliokuja kupokea ndugu na waliokuja kutazama tu. Bi Mkubwa naye akapunga. Alivua mtandio begani akaupunga pia. Mwanamke mmoja aliyevaa nguo nyeupe, sijui wa wapi, alisimama katikati ya ngazi, akatazama juu, akampungia.

"Naona?" akaniambia. "Najibu mimi."

Basi tulilikosa. Tulipata lingine lililokuwa likipita kila kijiji, tukafika magharibi ikiadhiniwa. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, akiamini tumepotea na kaka yake atamlaumu. Fundi cherehani alitusogezea viti.  Bi Mkubwa alipiga pasi mashati mawili kabla ya kula, na fundi akawa hana tena pa kuanzia kulalamika.

Mume alitupokea stesheni ya Tororo, lori likiwa limekwisha kupona. Njiani alituuliza tumeona nini. Tulianza kusema pamoja. Nilimweleza kuhusu ndege, nikasema ilikuwa na panga nne za kuzunguka kwenye mabawa.

"Mbili," Bi Mkubwa akasema.

"Nne. Nilizihesabu."

"Wewe nahesabu nini? Wewe nafumba macho! Mbili."

Tulibishana mpaka nyumbani. Tulibishana tukiteremsha mizigo, na tukaendelea jikoni, yeye akinipigia kijiko juu ya sufuria kila aliposema mbili. Mume alikaa kwenye kizingiti, hajui aende upande gani. Jirani alikuja kuchungulia. Nilikuwa nimemkasirikia Bi Mkubwa kwelikweli, na sauti yangu ilikuwa juu, na hatukuwa tumewahi kusemezana kiasi kile.

Baada ya hapo ua wetu haukuwa tena kimya. Sitasema tukawa mama na mwana. Kulikuwa na siku za kununa, na mwanangu wa kwanza alipozaliwa yakaja mambo mengine, makubwa kuliko sufuria. Lakini tulikuwa na namna ya kuyasema. Na kila Idi ilipopita Bi Mkubwa alikwenda Kampala. Mwaka wa pili alichukua wanawake watatu wa mtaa wetu, mmoja wao Mkristo, mke wa mfanyakazi wa forodha. Kisha wakawa kundi. Waume waliulizana wake zao wanafuata nini huko, na wake walijibu wanakwenda kutazama. Alikuwa na utaratibu wake: kwanza benchi bustanini, watu wakae wasifanye chochote, kisha Kasubi, kisha Entebbe. Mimi nilikuwa mkalimani. Wifi alitupatia mahali pa kulala kwa majirani zake, na fundi cherehani alishona gauni la mtu yeyote aliyetaka.

Muongo ule ulipokuwa unakwisha, mume alikuja nasi kwa mara ya kwanza. Lori alikuwa amemwachia mtoto wake mkubwa. Alitembea nyuma yetu mikono mgongoni, akituonyesha gereji alizozijua. Bi Mkubwa alimwambia gereji hatukuja kuona.

Tulimpeleka kwenye jumba la makumbusho, ambako kulikuwa na mtu aliyewapigia wageni ala za kila kabila. Alikuwa na ngoma, filimbi, zeze. Aliuliza tumetoka wapi. Aliposikia Tororo akaweka chini alichokuwa nacho, akachukua tongoli, kinubi cha Wajopadhola, akakikaza nyuzi moja moja na kuanza kupiga. Bi Mkubwa alisikiliza mwanzoni. Kisha akaanza kuimba, kwa lugha yake, sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake. Mpigaji alimtazama, akamfuata. Wageni wengine wakasogea. Aliimba wimbo wote, mikono imelala mbele ya gauni, akamaliza, akajifuta jasho la mdomo.

Mume alikuwa amekaa naye zaidi ya nusu ya umri wake. Alimwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida, "Wimbo huu umejifunza lini?"

"Kabla ya wewe," Bi Mkubwa akasema.

Mpigaji alimuuliza kama anajua mwingine. Akasema anajua, lakini ana kiu. Tukatoka nje, tukavuka barabara, tukaenda kutafuta chai.